Tambara Lililohamisha Mto

Haya, wewe unayejifanya mjanja, tegua hiki: nina mto wangu, ng'ombe hawanywi, mtoto hazami. Umeshindwa? Nipe mji, basi. Ni mto wa kwenye ramani.

Mimi ndiye niliyekuwa nafagia ofisi ya ardhi. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa ujuaji nilikuwa profesa. Jumatatu moja nikakuta ramani mpya ukutani, imejaa mistari ya kahawia iliyojipindapinda. Nikasema, hawa wamemwagia chai. Nikalowesha tambara, nikasugua kwa bidii ya kutafuta sifa. Baadaye mchora ramani akanieleza kwamba ile mistari ndiyo vilima: ikibanana, mteremko ni mkali, ikiachana, ni tambarare. Chai yangu haikutoka. Kilichoteleza ni mstari wa buluu, kutoka bondeni mpaka mwinukoni.

Jumanne mto wenyewe ukahama. Ulipanda kilima taratibu, ukipumzika njiani kama mtu mwenye pumu, ukaingia shambani kwa mkuu wa ofisi. Kule bondeni, mjane aliyelima maharage akabaki na mchanga na kambare mmoja mwenye hasira.

Akaja ofisini na ndoo. "Nani kausogeza mto wangu?"

"Ndivyo ramani inavyosema, mama," mkuu akamjibu.

"Si uchorwe upya?"

"Imeshapigwa muhuri."

Mchora ramani akachonga penseli iliyokwisha kuchongoka. Mimi nikatazama dari, nikasema huenda ni panya.

Tangu siku hiyo tambara langu halikukauka. Kila asubuhi nilikamua ndoo nzima, maji ya baridi, mara nyingine na visamaki. Mjane akawa anakuja kuyachukua. Yalitosha matuta mawili, mengine yakafa.

"Shoga, una moyo wewe," aliniambia. Nami, bila haya, nikaitikia ahsante. Kila akijitwika ndoo aliuliza lile swali lake, na kila siku nilikuwa na panya mpya.

Mwaka wa sita alikuja kuniaga. Bonde alikuwa amemwachia mkuu, ambaye alitaka pa kulishia ng'ombe wake. Akaweka ndoo chini, akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayeuliza saa.

Nikamwekea tambara mkononi, likamlowesha mpaka kiwiko.

"Ni mimi, mwenzangu. Nilidhani ni chai."