Kodi ya Gari Yetu Hewani

"Zima motere, utamaliza mazuti," tonton Grégoire, mjomba wangu, aliniambia.

Sikuizima, hata mafuta yaishe. Betri ilikuwa mbovu, injini ikilala redio nayo inakufa, na asubuhi ile nilitaka kusikia kila neno. Vidole vyangu vilikuwa vinagonga usukani vyenyewe.

Tulikuwa watatu ndani ya gari, tumeegesha mtaani Essence, kwenye kituo cha taksi. Tonton, mwenye gari, alikaa mbele pembeni yangu. Nyuma alikaa maman Colombe, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Kamituga, aliyekuja kuinunua. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimemsihi tonton asiuze. Mwishowe alikubali jambo moja: tumsikilize kwanza onorabule, mbunge wetu, redioni. Akisema kodi ya gari inashuka kwetu, gari inabaki. La sivyo, maman Colombe anaondoka nayo, nami sina kazi.

Kodi yenyewe ilikuwa matusi. Kila mwaka jipu mpya, gari ya wakubwa yenye vioo vyeusi, ililipa sawasawa na yetu, ambayo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Onorabule Cyprien, mbunge wa mkoa, ndiye pekee aliyesema kwamba huo ni wizi. Wakati wa kampeni nilipanda juu ya paa la gari hii na kulitaja jina lake hadi sauti ikakauka. Nusu ya madereva wa Essence walimpigia kura kwa sababu yangu.

"Musimamo yangu haijabadirika," redio ikasema. Ilikuwa sauti yake. "Motere kubwa ilipe zaidi. Motere ndogo ilipe kidogo. Hiyo njo haki."

Nje, madereva wa taksi ndogo walikuwa wamefungua milango wasikilize. Wote wakapiga honi. Nami nikapiga, kwa ngumi. Maman Colombe akacheka.

"Mutoto, honi ni ya nini?"

"Ya furaha, maman. Gari ya masikini itapumua!"

"Na hii yenu, motere yake iko aje?"

Mkono wangu ukabaki juu ya honi bila kuibonyeza. Tonton alikuwa ameichagua gari hii kwa ajili ya matope ya barabara ya Burhale, ambako injini ndogo hukwama na kulia kama mbuzi. Injini yetu ilikuwa kubwa kuliko za jipu nyingi za wakubwa. Lakini pale kituoni hakuna aliyewahi kupima umaskini wa gari kwa injini. Tulipima kwa kamba ya mlango, kwa kioo kilichobandikwa plastiki, kwa taa moja. Yetu ilikuwa maskini kuliko zote, basi nilidhani sheria nayo ingeona hivyo.

"Sikia sasa," tonton alisema polepole. "Ulimupigia kelele mutu atakayetumaliza."

Nikachukua simu, nikapiga redioni. Laini imeshikwa. Nikapiga tena, nikafungua mlango, nikaufunga, nikapiga tena. Mwishowe mtangazaji, Élodie, akanipokea.

"Nani iko kwenye laini?"

"Nathanaël, dereva wa Essence!"

"Iko Natha!" walipiga kelele nje. "Natha, mupige na maneno!"

"Onorabule," nikasema, "ulituambia gari ya masikini. Yangu ni ya masikini, lakini motere yake ni kubwa. Itakuwa aje?"

Onorabule akacheka kwa upole.

"Ah, Nathanaël! Nani atakusahau weye? Sikia, tutaandika kwamba magari yote ya taksi yatoke kwenye hiyo hesabu. Weye ni mutu yangu. Hautaguswa."

Tonton alinipiga gotini kwa furaha. "Sema aksanti, ukate simu!"

"Iko vizuri sana," maman Colombe akasema nyuma yetu, ametulia kabisa. "Hata mi nitapaka jipu zangu rangi ya taksi. Zote tatu."

Hakuwa anatania. Nikatazama nje. Parfait, rafiki yangu mwenye kataksi kadogo, alikuwa ameegemea mlango wake ananitazama. Hakupiga honi. Alikuwa ameelewa kabla yangu: wakubwa wote wangekuwa taksi, serikali ingekosa wa kumlipisha, na kodi ya zamani ingemrudia yeye.

Damu ikanipanda.

"Hapana, onorabule! Ukinitoa mimi, kesho mukoa muzima utakuwa taksi. Sikukupigia kelele juu ya hiyo. Jibu moja tu: kuna wa kutolewa ao hakuna?"

"Weye mupumbafu!" Tonton aliirukia simu. Nikaisogeza kwenye dirisha.

"Onorabule," Élodie akasema, "kuna ao hakuna?"

Tulisikia kiti kikilia studioni.

"Hakuna," akajibu hatimaye. "Hata gari yangu. Hata yako, Nathanaël."

"Hata yangu," nikasema.

Honi zikalipuka kituo kizima. Tonton akazima redio, akazima injini, akatoka bila kunitazama. Aliporudi alikuwa amebeba kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu gari ya familia haiuzwi kwa karatasi peke yake. Kila aliyekula kwa gari hiyo lazima anywe mbele ya mnunuzi. Mmoja akikataa, mnunuzi hawezi kuiondoa.

Tonton alikunywa, akaninyooshea kibuyu. Parfait alinisogelea.

"Usikunywe, ndugu. Hawatakulazimisha."

Ilikuwa kweli. Ningeweza kukataa, na maman Colombe angerudi Kamituga kwa pikipiki. Lakini mji mzima ulikuwa umenisikia nikisema "hata yangu". Nisingeweza kusema hivi hewani na vingine kwa siri nyumbani.

Nikanywa. Ilikuwa chachu, ikaniwasha koo. Nikampa maman Colombe kibuyu pamoja na ufunguo.

"Unatafuta chauffeur wa kuiendesha..." nilianza.

"Niko naye," akajibu. "Ni mukwe wangu."

Parfait aliniita nipande kwake. Nilikataa kwa mkono. Nikashika barabara ya kupanda, mbiombio, bila kujua naenda wapi, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa kusimama.