Rota ya Lori la Nestor

Nestor Hrycak alizungusha ufunguo mara ya nne, na mara ya nne lori likakohoa, likakataa. Lilikuwa lori la nafaka la mwaka sitini na tatu. Kwa miaka ishirini na sita halikuwa limemgomea hata siku moja ya mavuno. Nyuma lilijaa ngano hadi kingoni, bila turubai. Upande wa magharibi, juu ya uwanda wa Saskatchewan, mawingu yalikuwa yamekwisha kujipanga, na redio ilitangaza mvua kabla ya jioni.

Aliposhuka hakufungua boneti. Kwanza aliinama kuangalia nyayo.

Alikuwa na sababu. Tangu masika hakuwa akisemezana na Lloyd Amundson, jirani wa shamba la mashariki, aliyedai kwamba mtaro aliouchimba Nestor unamwagia maji kwenye shamba lake. Na jana alasiri, akiwa juu ya mashine ya kuvunia, Nestor aliiona pikapu nyekundu ya Lloyd imesimama uani kwake. Wakati wa chakula alimuuliza mkewe, Stefania, mtu yule alifuata nini. Stefania akasema alikuja kuulizia ndama aliyepotea. Lloyd hakuwa amefuga ng'ombe kwa miaka sita. Nestor alimaliza maandazi yake ya viazi, akalala na neno hilo moyoni.

Nyayo zilikuwa nyingi mno, zake mwenyewe na za watu wengine, hazikumwambia kitu. Akaigeukia injini.

Stata ilikuwa inazungusha kwa nguvu, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Alitoa chujio la hewa, akasukuma kwa kidole kijiti kinachovutwa na pedali ya mafuta, na petroli ikaruka ndani ya kabureta. Mafuta yapo. Kilichobaki kupimwa ni moto wa plagi, na kazi hiyo inataka watu wawili. Akamwita Stefania.

Stefania alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni, akapanda, akakaa mbele ya usukani. Hakuuliza lori lina nini. Nestor aliliona hilo pia, akaliweka pamoja na lile la ndama.

Alichomoa waya wa plagi ya kwanza, akachomeka bisibisi kwenye ncha yake, akaishika kwa mpini wa plastiki karibu na chuma cha injini. "Piga," akasema. Injini ikazunguka. Hakuna cheche. Akachomoa waya mnene wa katikati, ule unaotoka kwenye koili kwenda kwenye distribyuta, akausogeza karibu na chuma vilevile. "Piga tena." Cheche ya buluu ikaruka kwa mlio.

Nestor alisimama akifikiri. Moto unatoka kwenye koili, lakini kwenye plagi haufiki. Basi unapotea njiani, na njiani hakuna kingine ila distribyuta. Alifungua vibanio viwili vya kifuniko chake, akachungulia. Mhimili wa katikati ulikuwa uchi. Rota, kile kidude cha plastiki kisichozidi kidole gumba, kinachozunguka na kuigawia kila plagi moto wake, haikuwepo.

Rota inaweza kupasuka au kuungua, lakini haipotei yenyewe. Na aliyeichukua alikuwa amekirudisha kifuniko mahali pake na kubana vibanio vyote viwili sawasawa. Hakuwa mtu mwenye haraka.

"Mtu ametoa rota," alisema.

"Mtu gani?" Stefania alikuwa bado ameshika usukani.

"Unamjua."

"Usiende huko na hasira, Nestor."

"Kwani nimekuambia naenda wapi?"

Alikata njia kwa miguu katikati ya mabua, maili nzima, akipanga maneno yake. Alimkuta Lloyd akipaka grisi mashine yake.

"Nipe rota yangu, Lloyd."

"Rota gani?"

"Jana ulikuja kwangu kutafuta ndama. Ndama wa nani? Wewe hata kuku huna."

Lloyd aliweka bomba la grisi chini polepole. "Kumbe alikuambia ndama," alisema. "Maskini, mkeo hajui kudanganya." Halafu uso wake ukabadilika. "Jumanne, kwenye barabara ya changarawe, karibu na kanisa lenu. Ulikuja upande wangu. Nikawasha taa, nikapiga honi. Kidevu chako kilikuwa kifuani. Niliingia kwenye mtaro wa barabara, na mjukuu wangu yuko kiti cha mbele."

Nestor alisema alikuwa ameinama kuokota kofia, na kuhusu honi, upepo ulikuwa mkali.

"Hakukuwa na upepo," alisema Lloyd. "Ningetaka kukuumiza ningewaita polisi. Nilikwenda kwa mkeo. Alichofanya baada ya hapo mimi sijui. Na maji yako bado yamo shambani kwangu."

Nestor alirudi akitembea taratibu kuliko alivyokwenda. Kuhusu Jumanne hiyo, alikumbuka kupita kanisani. Kisha alikumbuka magurudumu yakigonga mawe pembeni mwa barabara. Katikati hapakuwa na kitu. Alikuwa amejiambia ni jua, kama alivyojiambia siku ile alipojikuta sakafuni zizini, na siku nyingine juu ya mashine ya kuvunia.

Stefania alikuwa mezani. Rota ilikuwa mbele yake, juu ya kitambaa.

"Nani alikufundisha kuitoa?" Nestor aliuliza. Hakupata swali jingine.

"Wewe. Mwaka sitini na tano, ulipoogopa kaka yako atalichukua lori akalewe nalo."

"Si ungeniambia tu."

"Nilikuuliza Jumanne kwa nini matairi ya lori yana majani ya pembeni mwa barabara. Ukasema umemkwepa paa. Nikaenda kupaangalia, mzee. Hakuna alama hata moja ya breki. Kwa hiyo Lloyd alipokuja nilikuwa namngoja mtu kama yeye." Akaisogeza rota upande. "Mara ngapi?"

"Moja."

Stefania hakuondoa macho.

"Tatu," alisema Nestor, akavuta kiti akakaa.

Stefania aliirudisha rota kwa mikono yake, na lori likawaka mara moja. Aliendesha yeye. Nestor alikaa upande wa abiria, akikagua kila gia aliyobadilisha mkewe, akitafuta kosa na asilione. Walifika kwenye ghala la nafaka la mjini matone ya kwanza yakianza kugonga kioo. Mpokea ngano alimtania: "Vipi bwana Nestor, leo mama amekuteka nyara?"

"Ninazimia nikiendesha," Nestor alimjibu. Huyo alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa bila Nestor kubanwa.

Madaktari waligundua kwamba moyo wake ulikuwa ukisimama kwa sekunde kadhaa, wakampandikizia mashine ndogo kifuani kabla ya theluji. Mwezi wa tano walimruhusu kuendesha tena, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuufukia ule mtaro kwa trekta. Lloyd alikuja hadi kwenye uzio. Hakusalimu. Alitazama udongo muda mrefu, akaugonga kwa kisigino, akauliza kama utashika.

"Tutaona ikinyesha," alisema Nestor.

"Tutaona," alisema Lloyd, akabaki pale pale hadi kazi ikaisha.