Mke wa Mlinzi wa Daraja

Nyumbani kwao walimwita Bi Kwa Nini tangu akiwa na meno ya utotoni, na jina likamganda hata alipokuwa mtu mzima mwenye duka lake la kutengeneza miwani. Mteja akimletea miwani iliyovunjika mkono, yeye hashiki bisibisi kwanza. Anauliza imevunjikaje, nani aliikalia, na kwa nini iliwekwa kwenye kiti. Wengine walimkimbia. Wengi walirudi, maana mkono wake ulikuwa mzuri, na akikaza miwani imekazwa.

Siku bomba lilipopasuka juu ya dari yake na mafundi wakamwambia ahame kwa muda, alifungasha nguo akaenda kwa mdogo wake wa kiume, fundi wa majokofu, aliyeishi na mkewe na binti yao katika ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Jumamosi ya kwanza asubuhi, hata chai hajaimaliza, akawakuta mume na mke wamekaa bega kwa bega mbele ya kompyuta kwenye meza ya chakula, kimya kama watu wanaomtoa mtoto mwiba.

"Mnafanya nini?"

"Tunatengeneza mchezo, Dada," mdogo wake akajibu bila kugeuka.

"Mchezo gani?"

Hapo akageuka, uso umemchangamka. Akamweleza kwamba ni mchezo ambao mchezaji anavaa uhusika wa mtu mwingine. Huyu wao ni mpimaji ardhi, ametumwa kuchora ramani ya bonde ambalo kila ukilala linabadilika umbo. Unachagua uwe hodari wa kuongea au wa kupanda miamba, unakutana na watu, unawasaidia au unawapita, na hadithi inakwenda kwa jinsi ulivyoamua. Yeye anaandika programu na maneno ya wahusika. Mkewe, ambaye kazi yake ya mchana ni kuchora lebo za chupa na makopo katika kiwanda cha uchapaji, ndiye anayechora kila kinachoonekana.

"Mlianza lini?"

Wakatazamana.

"Tulipohamia hapa," akasema mume.

"Hapa!" Mke akashika kiuno. "Na yule mtu wa kwanza uliyeniita nije kumwona anatembea? Hata posa ulikuwa hujaleta."

"Yule simhesabu. Yule tulimtupa."

"Kumchora nilimchora. Kumtupa ndiyo nini? Mkono wangu si ulichoka?"

"Na kile kipindi ulipojifungua, hatukugusa kitu. Nacho tukihesabu?"

"Nilikuwa nanyonyesha huku nawaza rangi ya ule mto. Kihesabu."

Bi Kwa Nini akavuta kiti. Alikuwa amekuja kuuliza swali dogo tu la kusindikizia chai, na kumbe watu wawili waliolala kitanda kimoja hawajui kazi yao ina umri gani. Jambo hilo likamwingia.

"Na utaisha lini?"

"Bado kidogo," akasema mdogo wake.

Mkewe akaangua kicheko. "Wifi, hiyo 'bado kidogo' nimeolewa nayo na nimezaa nayo."

Wakampa ajaribu. Walimwonyesha vitufe vya kutembelea na cha kuzungumzia, wakamwambia njia kuu inakwenda moja kwa moja hadi darajani. Yeye akaiacha njia kuu papo hapo. Akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta mbuzi, akajaribu kumpa mbuzi taa ya mpimaji. Mbuzi akaipokea. Halafu, kwa sauti ya maandishi ya kiungwana kabisa, mbuzi akamkaribisha dukani kwake atazame bidhaa.

Mdogo wake alijishika kichwa. Mkewe alicheka mpaka akalala juu ya meza.

"Anauza nini?" Bi Kwa Nini akauliza, kwa dhati.

Baada ya mbuzi kurekebishwa alifika darajani. Pale alisimama mlinzi mwenye kofia pana, na kila ukimsemesha alitoa sentensi moja: Pita salama, mke wangu hataki nizungumze na wageni.

"Kwa nini hataki?"

"Ni maneno tu, Dada. Nilitaka achekeshe."

"Nyumba yao ni ile pale?"

"Ile ni picha. Mlango haufunguki."

"Kwa hiyo huyo mke hayupo?"

Macho ya mdogo wake yakaenda kwenye ule mlango wa picha kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Anaweza kuwepo," akasema polepole.

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilianzia hapo. Kila jioni Bi Kwa Nini akirudi kutoka dukani aliketi kwenye kile kiti na kuuliza. Kinu kile kinasaga nini ikiwa hakuna shamba? Yule mzee anayelia kisimani, amefiwa au macho yanamuuma? Na mdogo wake, mtu ambaye kutwa nzima alishinda na majokofu yasiyouliza chochote, alikuwa kama moto uliomwagiwa petroli. Shamba likaota. Mzee akapata historia. Milango iliyokuwa picha ikaanza kufunguka mmoja mmoja, na nyuma ya kila mlango palihitajika chumba, na chumba kilihitaji kitanda, sufuria, dirisha na mtu.

Aliyechora hivyo vyote alikuwa mtu mmoja.

Dari ilipokauka na Bi Kwa Nini akarudi kwake, aliendelea kuja kila Jumamosi. Siku moja alikuja akamkuta wifi yake peke yake jikoni, anaosha vyombo kwa nguvu kuliko vyombo vilivyostahili.

"Wifi, nina neno," akasema bila kugeuka. "Usinune."

"Sinuni."

"Tulikuwa tunamaliza. Si ile 'bado kidogo' ya mdogo wako, tulikuwa tunamaliza kweli. Zilibaki picha chache, nilishaanza kuota siku nitakayochora kitu kingine. Sasa kila swali lako mimi ndiye ninayelichora. Wewe unauliza hapo kwa pumzi moja, mimi linanilia mwezi."

"Mwezi! Kwa mlango?"

Alijuta kabla sauti haijatulia, lakini swali lilikuwa limeshatoka. Wifi yake akafunga bomba, akajifuta mikono, akamtazama kwa macho yaliyochoka.

"Chukua mmoja," akasema. "Fanya mwenyewe. Mwanzo hadi mwisho."

Mwingine angeaga akaondoka na hasira zake. Bi Kwa Nini alihuzunika, ndiyo, lakini chini ya huzuni ile udadisi ulikuwa umeshakaa mkao wa kula. Mwezi mzima? Unakwenda wapi?

Akachagua mke wa mlinzi wa daraja.

Kuchora hakujua, kwa hiyo walikubaliana yeye aamue kila kitu na kuandika maneno, na wifi yake asichore mstari mmoja ambao hakuambiwa. Alidhani ni kazi ya asubuhi moja. Akasema: chumba, meza, mama wa makamo.

"Meza ya namna gani?" akauliza wifi yake, kalamu mkononi.

"Meza tu."

"Hakuna 'meza tu'. Ya mtu anayekula peke yake au ya watu wawili? Mpya? Imeungwa mguu? Mwanga unatoka upande gani?"

Akajikuta ameshika tama. Kwanza ilibidi ajue mama yule anaishi vipi ndipo ajue meza yake. Akaamua ni mshonaji, meza imejaa vitambaa. Basi akaja mdogo wake na maswali yake: mchezaji akifika kabla hajamsemesha mlinzi, mama atasema nini? Na akifika baada? Akiwa ameshalivunja daraja, maana mchezaji anaweza kulivunja? Akiwa ni hodari wa kuongea? Akija mara ya pili, mama arudie yaleyale kama kasuku?

Kila jibu lilizaa maswali matatu. Aliandika dukani kati ya mteja na mteja, nyuma ya karatasi za kufungia miwani. Mwanzo mama alikuwa mkali, ikashindikana, hakuna aliyependa kukaa naye. Kisha akawa mpole mno, akakosa sababu ya kumkataza mume kuzungumza. Bi Kwa Nini, aliyewauliza watu maisha yake yote, sasa alikuwa anaulizwa na mtu ambaye hayupo, na jibu hana. Kwa nini hutaki mumeo aongee na wageni?

Jibu lilimjia siku moja akiwa anakaza lenzi ya mteja. Mlinzi ndiye anayeandika barua za wageni za kwenda ng'ambo ya daraja, na kila mgeni akiongea naye anamwachia jambo la kubeba. Mlinzi yule anarudi nyumbani amejaa huzuni za watu. Mkewe anamhurumia, basi. Hana ukali wowote.

Alifunga duka mapema, akaenda kwa mguu mpaka juu ya duka la rangi kuwaambia. Mdogo wake akasema, "Hilo sikulijua," kana kwamba wanazungumzia jirani.

Mlango ule ulikula zaidi ya mwezi. Ulipofunguka kwa mara ya kwanza, na mama akainua macho kutoka kwenye kitambaa chake na kusema, Viatu vyako vimelowa, kaa kwanza, Bi Kwa Nini alijikuta anajibu kwa sauti, "Ahsante." Wifi yake hakumcheka. Alimshika bega.

"Nisamehe, wifi," akasema Bi Kwa Nini. "Nilikuwa naagiza dunia kama mtu anayeagiza soda."

Tangu hapo maswali hayakukoma, ila yaligeuka upande. Alipita mji mzima wa mchezo, mlango hadi mlango, na kila mahali alimuuliza mdogo wake: anayeingia humu atatoka na nini asichokuwa nacho? Kama jibu halikuja, alisema, "Weka ukuta." Nyumba ya mwuza kofia ikawa ukuta. Ghala likawa ukuta. Mdogo wake alitetea kinu kwa siku kadhaa kama mtu anayetetea urithi, akashindwa, akaenda kukaa barazani peke yake. Alirudi akakibomoa mwenyewe.

Mchezo waliutoa mtandaoni Jumamosi moja, mchana kweupe. Mume alishindwa kubonyeza kitufe cha mwisho, mke akanyoosha mkono akabonyeza huku ameshika kijiko cha uji wa mtoto. Hakuna kilichotokea. Waliutazama ukurasa muda mrefu, kisha wakala. Wiki zilizofuata walipata wachezaji wachache, halafu wachache wengine. Mmoja aliandika kwamba mto ni mzuri. Mwingine alilalamika kwamba mbuzi hauzi chochote, na hakuna aliyejua amejuaje.

Mpigachapa mmoja, mwenzake wifi yake kiwandani, akaomba kuja kuucheza pale pale mbele yao. Bi Kwa Nini aliwahi kufika kuliko yeye. Alikaa nyuma ya kiti, mikono mapajani, ameapa hatasema neno. Mpigachapa akaingia mjini, akafika darajani, akamsikiliza mlinzi, akapita. Nyumba ya mshonaji ikabaki kushoto kwake, hakuitazama hata kwa jicho la pembeni. Bi Kwa Nini alimeza mate. Wifi yake akamfinya kidogo.

Mtu yule akaacha barabara, akapanda kilima kwa kupitia mawe ambayo hayakuonekana kama njia. Juu hapakuwa na nyumba wala mtu wala kazi ya kufanya. Palikuwa na jiwe bapa, na bonde lote chini, na mvua inakuja kwa mbali ikibadilisha rangi ya mashamba moja baada ya jingine. Akamkalisha mpimaji wake kwenye jiwe. Akaondoa mikono kwenye vitufe. Akabaki anatazama.

"Hapo ni wapi?" Bi Kwa Nini akashindwa kujizuia. Alikuwa ameutembea ule mchezo kuliko kiumbe yeyote, na hakuwahi kufika hapo.

"Nilipachora nikiwa na mimba," wifi yake akasema. "Hapana mlango, ndiyo maana hukupaona."

"Kaka," Bi Kwa Nini akamwambia mpigachapa, "kwa nini umepanda huku?"

Mpigachapa akafikiri, kwa heshima ya swali. "Sijui. Nimeona panapandika."

Mvua ikafika bondeni. Bi Kwa Nini akasogeza kiti chake mbele.

"Basi sogea kidogo," akasema, "na mimi nione."