Tundu la Pumzi

Kioo hakikatwi; kioo huchanjwa, kisha huvunjwa. Elinaza aliirudia kanuni hiyo kimoyomoyo huku gurudumu dogo la chuma likilia juu ya kioo na kuacha mstari mwembamba kuliko unywele. Aligonga mara mbili upande wa chini, akaegemeza uzito wake, na kioo kikaachana kwa sauti moja kavu. Mwenye nyumba, aliyeketi karibu na dirisha, alishtuka.

“Huogopi, fundi?”

“Kinachovunjika pale unapotaka hakiogopeshi, mzee.”

Mzee huyo aliitwa Solomoni, na nyumba yake ilikuwa Sekei. Siku ya kwanza alipobisha hodi hapo, Elinaza alilazimika kumwamkia. Shikamoo ile ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Aliitoa kwa sababu alilelewa vyema, na aliyemlea vyema ndiye aliyeangamizwa na mtu huyu. Solomoni aliitikia kwa ukunjufu. Hakuonyesha dalili yoyote ya kutambua kwamba huyu Mama Diana, fundi wa vioo aliyesifiwa na majirani, alikuwa binti wa Anaeli wa kijiji cha Akheri.

Ukumbini mwake lilisimama tangi la samaki wa baharini, refu kama kitanda. Solomoni alikuwa ameishi Tanga kwa miaka mingi, na mkewe alipofariki alirudi mlimani akiwa na kipande cha bahari. Maji aliyachanganya mwenyewe, chumvi ya mfuko na maji ya mlima yaliyochujwa. Lakini yalichafuka upesi, na samaki wawili walikwisha kufa. Ndipo alipotaka kujengewa lile ambalo wafugaji wa samaki huliita sampu: tangi la pili, linalofichwa kabatini chini ya lile kubwa. Maji hushuka humo kwa uzito wake, hupita chumba cha sponji, kisha chumba cha vipande vya matumbawe. Katika chumba cha mwisho pampu huyasukuma kurudi juu yakiwa safi.

Kazi hiyo ina siri moja. Umeme ukikatika, pampu hunyamaza, na bomba lililokuwa likipandisha maji hugeuka kuwa mrija wa kuyanyonya. Ndiyo maana fundi mwaminifu hutoboa tundu dogo katika bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakishuka upana wa kidole, tundu huvuta pumzi ya hewa na mnyonyo hukatika. Bila ya tundu hilo maji hushuka mpaka tangi la chini lifurike sakafuni, na samaki wabaki wakitapatapa juu ya mchanga.

Elinaza aliamua kutolitoboa.

Hakuhitaji sumu wala nyundo. Katika mji ambao umeme huondoka bila ya kuaga, alihitaji kuacha jambo moja tu bila ya kulifanya. Sakafu ya mninga ingevimba, chumvi ingetafuna miguu ya makochi, na mzee angepiga magoti akiokota kwa mikono mitupu alichokipenda. Elinaza alikwisha kuiona picha hiyo mara nyingi, na kila alipoiona aliongeza kitu.

Mwaka 1986, katika kiangazi kikali, mtu alifungua mfereji wa kumwagilia mashamba ya Akheri nje ya zamu. Mfereji ule ulikuwa na sheria isiyoandikwa: jembe likikutwa kwenye kizibo cha udongo, mwenye jembe ndiye mwizi wa maji, na haulizwi swali la pili. Jembe, walisema wazee, haliendi matembezini peke yake. Lililokutwa asubuhi ile lilikuwa na mpini uliochomwa alama za Anaeli. Aliyeliinua mbele ya mkutano alikuwa katibu wa mfereji, Solomoni, ambaye nyanya zake zilikuwa zimelowa na hakuna aliyejisumbua kwenda kuzitazama. Anaeli alitoa dume la kondoo la faini, akanyimwa zamu kwa misimu miwili, na mibuni yake ikakauka ikiwa na matunda mabichi. Kanisani, alikokuwa mzee wa usharika, alihama benchi la mbele akaketi karibu na mlango. Alikufa akiitwa mwizi wa maji. Marta, mjane wake, bado aliishi kule kule, chini ya jina hilo.

Elinaza alikuwa ameisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara aliianzia asubuhi.

Alisimamisha kuta za tangi, akazigandisha kwa silikoni, akailainisha kwa kidole kilicholowanishwa. Nyumba nzima ikajaa harufu kali.

“Unanigeuza kachumbari, Mama Diana,” alilalamika Solomoni akifungua madirisha. “Siki imenifuata mpaka kitandani.”

“Hiyo itakwisha baada ya siku tatu, mzee. Kuna harufu nyingine hukaa zaidi.”

Solomoni alimtazama kwa kitambo, kisha akaenda kuchemsha chai.

Siku ya nne tangi lilijazwa maji, likakaguliwa kila kona, halikuvuja hata tone. Elinaza aliunganisha mabomba. Lile la kupandisha alilishusha ndani ya tangi kubwa hadi karibu na mchanga. Alisema ni kwa ajili ya kusukuma uchafu. Pampu ikavuma, maji yakazunguka, na samaki wa manjano wakayafuata kama watoto wanaofuata ngoma. Solomoni alipiga makofi.

“Mikono hii ibarikiwe!”

Kilichobaki kilikuwa kufunga vifaa na kuondoka. Umeme ungefanya yaliyobaki, leo au wiki ijayo. Lakini Elinaza alisimama akiitazama furaha ile, akaona kasoro katika mpango wake. Kisasi kisicho na jina ni ajali tu. Mtu huyu angelaani bomba, angelilaani shirika la umeme, angeomboleza samaki wake kama mtu asiye na hatia. Asingejua kamwe kwamba aliyekuja mlangoni mwake alikuwa Anaeli.

Akanyoosha mkono, akazima swichi ya pampu.

Mvumo ulikatika. Ndani ya bomba maji yalisita, yakageuka, yakaanza kushuka.

“Mama Diana, maji yanapungua.”

“Naam.”

“Yatakomea wapi?”

“Yatakoma utakaponiambia nani alifungua mfereji wa Akheri, mwaka ule Anaeli alipotoa kondoo.”

Maji ya tangi la chini yalikuwa yakipanda haraka. Yalifika ukingoni, yakatuna kidogo, kisha uzi mwembamba wa maji ukateremka kwenye mlango wa kabati na kuingia kati ya mbao za sakafu. Juu, samaki wa buluu aliinamisha mwili ili mgongo wake usitoke nje. Elinaza alimsubiri mzee apige kelele. Alikuwa ameisubiri sauti hiyo kwa miaka mingi.

Solomoni hakupiga kelele. Alivua viatu vyake, akaviweka juu ya kochi, akasimama ndani ya maji.

“Mimi,” alisema. “Nyanya zilikuwa zinakufa. Nilijua u nani tangu siku ya pili, ulipopima kabati kwa shubiri. Baba yako alipima hivyo hivyo. Nikasema moyoni, mwache afanye alilokuja kulifanya.”

“Usimtaje baba yangu. Ulichukua jembe lake!”

“Sikulichukua, Elinaza.” Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lake. “Nilipewa. Nilikuja kwenu jioni, wazazi wako walikuwa kwenye jumuiya. Nikasema, binti, niazime jembe la baba. Ukalileta kwa mikono miwili, ukapiga goti. Ulikuwa na miaka kumi.”

Maji yalikuwa yamefika kwenye zulia.

“Kesho yake mkutanoni ulisimama nyuma ya sketi ya mama yako,” aliendelea taratibu. “Nilikutazama. Nilingoja useme neno moja. Ukainamisha macho. Nikajua nimepona.”

Elinaza alitaka kumpiga. Badala yake mkono wake uliingia tangini, ukaliinua bomba mpaka mdomo wake ukatoka majini. Bomba lilikoroma, likameza hewa, na maji yakasimama. Samaki walikuwa wamebakiwa na kina cha kiganja. Alitafuta keekee ndani ya mfuko, akachagua ncha nyembamba kama njiti ya kiberiti, akatoboa tundu pale lilipostahili kuwa tangu mwanzo. Vumbi jeupe la plastiki lilimwangukia vidoleni. Hakujua kama alikuwa akiwaokoa samaki au alikuwa tu ameshindwa kuvumilia kazi mbovu iliyobeba mkono wake.

“Jumamosi wanafukua mfereji,” alisema bila ya kugeuka. “Watu wote watakuwapo. Utakuja na utayasema haya, au nitarudi na nyundo.”

“Nitakuja.”

Jumamosi hiyo maji ya mfereji yalikuwa yamezibwa kule juu, na watu walisimama ndani yake wakiwa na majembe, matope yakiwafika vifundoni. Mwenyekiti wa sasa, Nathanael, aliwaita kwa zamu kufukua sehemu zao. Marta alikuwa amebebewa kigoda mpaka ukingoni. Alikuwa mzee sana kushika jembe, lakini hakukubali siku hiyo impite. Solomoni alifika akiwa amevaa mabuti mapya, akaomba nafasi, na watu wakaegemea mipini yao kumsikiliza mtu aliyekwisha kusahaulika.

Hakuzunguka. Alisema kwamba maji ya mwaka ule aliyaiba yeye, kwamba Anaeli alitozwa faini ya kondoo isiyo haki yake, na kwamba yeye mwenyewe ameleta dume la kondoo, lililofungwa kwenye mgomba pale chini.

“Na jembe?” aliuliza Nathanael. “Jembe lilikuwa la Anaeli.”

Solomoni alivuta pumzi. Hakumtazama Elinaza.

“Nililikuta barazani kwake. Nikalichukua bila ya kumwomba mtu.”

Mnong’ono ulipita mferejini kutoka juu hadi chini. Mtu alisema, “Maskini Anaeli.” Marta aliketi wima juu ya kigoda chake, mikono yake ikiwa imefumbwa mapajani, na uso wake ukafunguka polepole namna ambayo binti yake hakuwahi kuiona.

Basi ilikuwa imetimia. Jina la baba lilikuwa safi, adui alikuwa amefedheheka mbele ya macho arobaini, na hakuna mtu duniani aliyejua habari ya jembe zaidi ya wao wawili. Elinaza alingoja utamu. Kilichomjia kilikuwa ladha ya kitu kilichotiwa kinywani mwake na mtu mwingine. Mzee yule alikuwa amemsetiri. Alikuwa amesimama matopeni, akavuliwa kila kitu, na bado akapata cha kumpa: uongo mdogo, laini, wa kumfunika yeye maisha yake yote. Tangu leo kila atakapokaa karibu na mama yake, atakuwa amekaa kwa hisani ya Solomoni.

Hapana. Kutoka kwa mtu yule asingepokea hata kivuli.

“Mwenyekiti,” alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyotarajia. “Kuna jambo hakulisema sawa.”

Solomoni aligeuka ghafla, akatikisa kichwa mara moja, kama mtu anayemwonya mwenzake asikanyage kioo.

“Liseme, dada,” alisema Nathanael.

Elinaza alipanda ukingo, akaenda kuchutama mbele ya kigoda.

“Mama,” alisema, “halikuwa barazani.”