Profesa na Daraja la Filamu ya Tatu

Katika kiwanda kile kidogo cha uchapaji, saa ya chakula cha mchana ilikuwa saa ya Mwewe. Mashine zikishazimwa, wafanyakazi wanne walibeba vyakula vyao hadi chumba cha nyuma, wakakalia marobota ya karatasi, na kabla mtu hajameza tonge la kwanza ubishi ulikuwa umeshapamba moto. Mwewe alikuwa jasusi wa kwenye filamu. Filamu zake zilikuwa tano, ya sita ilikuwa njiani, na kila mmoja mle ndani alikuwa na kipande anachokipenda na mhusika wake wa kufa na kuzikana.

Hakimu wa ubishi huo alikuwa mtu waliyemwita Profesa. Chuo alikuwa akikiona kwa nje tu, akipita. Kazi yake ilikuwa kukata karatasi: siku nzima alisimama mbele ya mashine yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, akipanga karatasi, akizigonga kingo mpaka zikae sawa, kisha akikishusha kisu. Uprofesa aliupata kwa mdomo. Alizizungumzia filamu za Mwewe kana kwamba alizitunga yeye, na zaidi ya kuzizungumzia, alidharau, tena kwa ufundi. Mtu akisema anapenda pale Mwewe anaporuka kutoka paa la treni, Profesa hakupinga. Aliacha kutafuna, akamtazama kama anavyotazama kitabu kilichobandikwa jalada kichwa chini, halafu akauliza taratibu, "Na wewe siku ya uchaguzi wanakuruhusu kupiga kura?"

Aliyeambiwa hivyo ni Breki, dereva wa kiwanda, ambaye pia alikuwa mdogo wake mke wa Profesa. Jina lake lilitokana na gari lake, lililosikika likilia breki barabarani dakika nzima kabla halijaonekana. Wa tatu ni Wino, mwendesha mashine ya kuchapa, mwenye kucha ambazo sabuni ilishazikatia tamaa. Wino alimpenda adui wa Mwewe, Bwana Marashi, anayejipulizia manukato kabla ya kumuua mtu.

"Yanayoigiza pale ni hayo manukato," Profesa alimwambia. "Yule bwana kazi yake kubeba chupa."

Wa nne alikuwa Mama Gundi, mfunga vitabu. Alishona kurasa, akapaka gundi migongoni, akabandika majalada, na mchana alikula kimya akiwasikiliza. Zamani hakuwa hivyo. Miaka minane nyuma, filamu ya tatu ilipotoka, alisema mbele ya wote kwamba kipande cha darajani kilimliza. Ni pale mwishoni ambapo Shangazi, jasusi mzee aliyemfundisha Mwewe kazi, anapokuwa ameshavuka daraja la mpakani na kuokoka, kisha anageuka na kumrudia karani mmoja wa kawaida aliyebaki upande wa pili, na kuuawa huko.

Profesa alimjibu kwa utulivu ule ule. "Kuliza watu kwa kumuua bibi kizee ni kazi rahisi, Mama. Hayo machozi yako waliyapata kwa bei ya jumla."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo Mama Gundi hakuchangia tena, na lile daraja halikutajwa tena mle ndani. Nani angetaka kujianika namna hiyo?

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Profesa peke yake alilijua. Kipande cha darajani hakuwahi kukiona.

Filamu ya tatu ilipofika, kiwanda kilikuwa kinachapa vitabu vya shule usiku na mchana, naye alikuwa amekata karatasi zamu mbili mfululizo. Alikwenda ukumbini na wenzake, akakaa kwenye kiti laini, taa zikazimwa, naye akazimika pamoja nazo. Alizinduka taa zikiwa zimeshawashwa na watu wanajifuta macho. Mlangoni Wino akamwuliza, "Umelionaje lile daraja?" Angesema tu kwamba alisinzia, wangemtania siku mbili yakaisha. Badala yake kikamtoka kijineno kimoja: "Rahisi."

Na kijineno hicho kikamjenga. Wino alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Hapo Profesa akagundua kwamba mtu anayesifu hutakiwa kueleza, lakini anayedharau huaminiwa hivyo hivyo. Jina lilianzia hapo. Baadaye alijiahidi kuitafuta filamu hiyo aitazame kimyakimya, lakini kila siku iliyopita ilizidi kumtia woga. Itakuwaje akikuta ni nzuri? Filamu ya tatu ikirudiwa kwenye televisheni, alitoka nje kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Mambo yakaenda hivyo hadi ukumbi wa sinema wa mjini ulipoleta kazi ya kuchapa mabango na tiketi za filamu ya sita. Kazi ilitoka safi, na mwenye ukumbi akawaalika wote wanne kwenye maonyesho ya marudio. Kila Jumamosi alasiri kulikuwa na filamu moja ya zamani. Jumamosi yao iliangukia kwenye ya tatu.

"Mimi niacheni," Profesa alisema. "Ile naijua nje ndani. Nitakwenda kukaguaje kitu kilichooza?"

"Shemeji, usipokuja nani atatuambia tunapokosea?" Breki aliuliza, na hakuwa anatania. Kwa kweli alikuwa ameshamtengea kiti.

Basi akaenda. Alikaa kati ya Wino na Mama Gundi, na kwa saa nzima ya kwanza alikuwa yule yule. Alisonya Mwewe alipotoka mtoni na nywele zimechanwa. Walinzi sita walipomkosa Mwewe kwa risasi wakati amesimama mbele yao kama nguzo ya umeme, alinong'ona kwamba walinzi hao lazima waliajiriwa kwa kujuana. Wino alicheka akimpiga paja. Kisha likaja daraja.

Hakukuwa na muziki. Shangazi alikuwa ameshafika upande salama na Mwewe anamfungulia mlango wa gari. Akasimama. Akavua viatu, akavishika mkononi, akageuka na kuanza kurudi alikotoka, bibi mnene anayetembea juu ya chuma baridi kwa soksi. Hakukimbia. Huko mwisho karani alikuwa amekaa chini, mguu umeteguka, na alipomwona akaona aibu zaidi kuliko furaha.

"Umerudi kufanya nini?" karani akamwuliza.

"Nimesahau miwani yangu," Shangazi akajibu, akamnyanyua.

"Miwani si anayo usoni?" Profesa akasema.

Alisema kwa sauti, watu wa viti vya mbele wakageuka. Mlio wa bunduki uliposikika aliruka, kiwiko chake kikamgonga Mama Gundi mkononi. Mama Gundi hakulalamika. Alimgeukia tu, akamtazama kwa muda mrefu kwenye ule mwanga wa skrini, halafu akarudisha macho mbele. Profesa alibaki ameng'ang'ania mikono ya kiti. Filamu ilipokwisha alitangulia kutoka, akisema vumbi la ukumbi linamsumbua, na hakumsubiri mtu.

Jumatatu asubuhi Mama Gundi alikuja kwenye mashine ya kukatia na rundo la vitabu vya kusawazishwa kingo. Aliliweka mezani, lakini hakuondoka.

"Hukuwahi kuiona," alisema.

"Nini?"

"Usinichoshe, Profesa. Lile daraja."

"Mama, ile nimeiona mara nne."

"Mtu aliyeiona mara nne haulizi miwani iko wapi. Na haruki kama kaunguzwa, akaniachia alama mkononi."

Profesa alilivuta rundo, akaligonga kingo, akaligonga tena ingawa lilikuwa limeshakaa sawa. Mashine ya Wino ilikuwa inanguruma kule mbele, hakuna aliyewasikia. "Nilisinzia," alisema hatimaye. "Siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimetoka zamu mbili. Wino akaniuliza, nikajibu lililonijia mdomoni."

"Na miaka minane yote iliyofuata ulikuwa unasinzia?"

Profesa aliligonga rundo kingo kwa mara ya tatu.

"Nikwambie kitu," Mama Gundi alisema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Profesa. "Mimi nililelewa na dada yangu. Alishapata kazi mbali, ameshapanda gari na mizigo, akashuka, akarudi nyumbani. Nikamwuliza umerudia nini. Akasema kuna sufuria hakuifunika. Alikaa na mimi mpaka nikamaliza shule, na ile kazi haikumsubiri. Mwaka filamu ilipotoka nilikuwa nimetoka kumzika. Nikaja hapa nikawaambia nimelia, sikuwa na mwingine wa kumwambia. Ukasema machozi yangu ni ya bei ya jumla. Sawa. Nikafikiri labda kweli mimi sijui filamu, huyu mwenzetu anajua. Kumbe hata hukuwa unajua unachokicheka."

"Mama, nisamehe."

"Sijaja kukusamehe, nimeleta vitabu. Leo mchana utawaambia wenzako. Usipowaambia, mimi sitakusema. Lakini kila utakapofungua mdomo kuhusu Mwewe nitakuwa nimekukazia macho, na utajua ninachokiwaza." Akaondoka na aproni yake imekakamaa kwa gundi.

Asubuhi ile ilikuwa ndefu. Profesa alifikiria kujifanya mgonjwa. Alifikiria kusema kwamba amebadili maoni, kama wasomi wanavyobadili. Lakini alipofika chumba cha nyuma na kumwona Mama Gundi amekaa juu ya robota lake, mkono juu ya mkono, maneno ya ujanja yakamkauka. Akawaeleza bila kukaa: usingizi, kijineno kile cha mlangoni, televisheni aliyokuwa akiikimbia.

Wino alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. "Miaka minane! Mtu anatupa darasa la filamu aliyoikoromea!" Akampa jina jipya hapo hapo, Profesa wa Usingizi, na jina hilo likadumu.

Breki hakucheka. "Shemeji," alisema, "mimi nilikuwa nampenda Shangazi kuliko wote. Siku ulipomcheka Mama, nikaogopa kusema. Nikatafuta kipande kingine ambacho huwezi kukicheka, nikachukua treni. Ukanicheka na treni."

"Treni kweli ni mbaya, Breki."

"Najua kuwa ni mbaya. Sikuwahi kuipenda." Akamkazia macho. "Na ya nne? Uliiona?"

"Ya nne niliiona."

"Yote?"

"Yote."

"Macho wazi?"

Hata Mama Gundi aliinamisha uso kuficha kicheko. Profesa akakaa chini kwenye robota la pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kula mle ndani hakuna aliyesubiri aseme neno.

Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ilichukuliwa na mtu ambaye hawakumtegemea. Mama Gundi alikuwa na akiba ya miaka minane, na alipoanza kuitoa hakumhurumia mtu. Bwana Marashi alimwita muuza duka aliyekosa wateja. Wanawake wote wanaompenda Mwewe ndani ya dakika mbili aliwaambia wakapimwe macho. Kisha akamgeukia Mwewe mwenyewe.

"Jasusi gani huyu kila anapoingia watu wanageuza shingo? Mimi nakwenda sokoni, nanunua, narudi, na jirani anaapa sikutoka ndani. Mimi na yeye nani jasusi?"

"Lakini Mama, filamu lazima iwe na nyota," Wino alijitetea, maana jambo lenyewe lilikuwa limeanza kumgusa na yeye.

"Nyota si angalau ijue kufunga mlango? Filamu tano, kila chumba anachokitoroka anakiacha wazi. Mpaka alipouawa, Shangazi ndiye aliyekuwa akifunga nyuma yake. Nendeni mkaangalie."

Hawakuwahi kuliona hilo. Kila mmoja alivirudia vile vyumba kichwani, na kweli, milango ilikuwa wazi.

Profesa alikuwa na kejeli nzuri mdomoni kuhusu milango. Akaimeza. Kilichomtoka ni kingine, kitu alichokuwa akikiwaza tangu Jumamosi.

"Mama," aliuliza, "viatu alivivua kwa nini?"

Mama Gundi alimtazama kutafuta kama kuna mzaha. Hakuuona. "Visigino vingelia kwenye chuma," alisema. "Wangemsikia."

"Hapana, walinzi wa mpaka walikuwa wanamwona," Breki akadakia, akisogea karibu. "Aliwavulia ili waone hana haraka. Mtu anayekimbia hupigwa risasi kwanza."

"Miguu ilikuwa inamuuma," Wino akasema. "Nyie hamjawahi kusimama siku nzima?"

"Mguu unauma wakati mtu anakwenda kufa?" Mama Gundi akamwuliza kwa dharau ambayo Profesa mwenyewe asingeifikia. "Wewe siku ya uchaguzi baki nyumbani."

Wakabishana. Profesa alisema hiki, akaambiwa anyamaze kwanza kwa kuwa yeye ameiona mara moja tu, akanyamaza, kisha akashindwa kunyamaza. Chakula chake kilipoa bila kuguswa. Siku ile mashine zilichelewa kuwashwa kwa robo saa, na msimamizi alipokuja kuchungulia kulikoni, Breki alikuwa amesimama katikati ya chumba kwa soksi, viatu mkononi, akiwaonyesha namna mtu asiye na haraka anavyotembea.