Gari Lililokuwa Sebuleni

"Mchana kutwa unapiga bati, na jioni umeleta bati jingine ulipigie nyumbani?" mke wa fundi wa kunyoosha bodi za magari alimwuliza mumewe, aliporudi na gitaa la chuma linalong'aa kama sufuria mpya.

Fundi akacheka tu. Alikuwa amelipenda, basi. Kila jioni alilipiga sebuleni, ila mkono wake ulizoea nyundo, na chuma hakijui kunong'ona. Madirisha yalitetemeka. Jirani akapaza sauti kutoka kwake, "Shemeji, hilo gari mnalotengeneza humo ndani litapona lini?"

Mkewe alicheka mpaka machozi. Fundi hakununa. Alilipapasa gitaa kama anavyopapasa mlango wa gari akitafuta palipobonyea, akavaa kidoleni soketi ya kufungulia nati, akaitelezesha polepole juu ya nyuzi. Sauti ya gitaa ikavutika, ikalia, ikaishia kama kicheko.

Mkewe akaacha vyombo, akaja kuketi karibu yake.

"Shemeji!" jirani akaita tena. "Mbona sisikii nyundo? Gari limepona?"

"Limepona," mkewe akajibu, "na mimi nimeshapanda. Tupishe!"