Nyumba Mbichi

Duka la vifaa vya uchoraji lilikuwa ghorofani, juu ya muuza magodoro mjini Mbarara, na Ancilla alikaa humo saa nzima akipinda nywele za brashi kwa kidole gumba. Mwalimu Elisée, aliyewafundisha wajane wa kambi ya Rubondo kuchora kila Jumamosi kanisani, alikuwa amemwandikia orodha: brashi bapa, brashi ya duara, na moja nyembamba ya kumalizia; rangi ya akriliki nyeupe tyubu kubwa, kisha nyekundu, njano, buluu na nyeusi. "Rangi ya majani uiache kule kule," alimwagiza. "Utajitengenezea mwenyewe." Bei ya kitambaa cha kuchorea ilimtoa Ancilla jasho, akachukua kipande cha plaiwudi.

"Akriliki nakauka haraka, nyabo," alimwonya Kellen, mwenye duka, akimfungia vitu kwenye gazeti. "Usicheze nayo."

Jumamosi Elisée aliwaambia wachore wanachokiona kila siku. Ancilla akaweka kigoda kando ya barabara, akachora nyumba yake, nyumba ya jirani yake Madeleine, na kisima cha pampu kilichokuwa katikati. Nyumba ya Madeleine aliipitishia brashi mara moja tu. Kisima alikitia doa la buluu na la nyeusi, basi. Lakini nyumba yake aliipaka tabaka juu ya tabaka, rangi nzito kama bugali, maana aliipenda waziwazi na hakuona sababu ya kuficha. Jioni alikuwa hajamaliza, kwa hiyo akaifunika kwa kitambaa kibichi kama alivyofundishwa. Ncha ya kitambaa ilifunika na kisima.

Jumapili, walipotoka ibadani, sehemu ya picha iliyobaki wazi ilikuwa imekauka. Penye nyumba ya Madeleine palikuwa na majani, na katika majani ng'ombe mmoja wa pembe ndefu. Ancilla alijua si yeye aliyemchora. Alikuwa bado hajajifunza kuchora miguu.

Jumatatu asubuhi nyumba ya Madeleine haikuwepo. Palikuwa na majani ya kufika magotini, na ng'ombe yule alikuwa akila. Wanaume wawili wenye karatasi walimweleza Madeleine, kwa adabu, kwamba pale pamekuwa malisho tangu zamani. Malisho ya nani, hawakusema. Ng'ombe alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa mtu wa kuonekana ovyo.

Madeleine alisimama na sufuria kichwani na Biblia kwapani. "Kwetu Fizi ilikuwa vile vile," alimwambia Ancilla. "Ila kule kwanza banachoma nyumba."

"Kuja kwangu, dada," Ancilla akamjibu. "Fasi ya kulala haiwezi kosa."

Kisha akaingia ndani, akainua kitambaa, akagusa nyumba yake pale plaiwudini. Kidole kilitoka na rangi ya kahawia. Yake ilikuwa haijakauka; ya Madeleine ilikauka ikaenda. Ile nyumba aliijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, baada ya kulala miaka mitatu chini ya turubai. Hakuwa na nyingine, wala pa kurudi hapakuwepo.

Jumanne alikuwa tena mbele ya Kellen.

"Munakuwa na dawa ya kufanya rangi isikauke?"

Kellen alishusha kichupa rafuni. "Hii nachelewesha tu, nyabo. Haizuii. Na ukitia mingi rangi nakataa kushika, natoka yote pamoja." Alipangusa vumbi. "Lakini watu ya kambi nanunua sana wiki hii. Jana nilimaliza katoni."

Hakuuliza walikuwa wakikifanyia nini.

Kando ya kichupa kulikuwa na chupa ya plastiki ya kupulizia maji. Hela za Ancilla zilitosha kimoja tu. Aliwaza kama mtu mzima yeyote angewaza: dawa itakwisha, lakini maji yako mbele ya mlango wangu, na kisima kile hakijawahi kunitupa. Akachukua chupa ya kupulizia.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Madeleine alipewa chupa. Walipokezana kila nusu saa, picha wameiegemeza nyuma ya mlango pasipofika upepo. Elisée alipita kuwaona, akaitazama kazi kwa jicho la mwalimu.

"Mupulizie kidogo kidogo, mama. Isitiririke."

Siku hiyo hiyo maji yalikuwa yameshatiririka pembeni mwa paa, na tangu hapo nyumba ilivuja upande ule. Waliweka beseni. Kwa jirani zao picha tatu zilikauka, nyumba tatu zikaenda, na ng'ombe wakaongezeka.

Kisima hakuna aliyekikumbuka. Kitambaa kilikuwa kimeondolewa, chupa ikaelekezwa nyumbani tu, na yale madoa mawili ya buluu na nyeusi yakakauka yenyewe. Alhamisi Madeleine alitoka na dumu, akarudi nalo tupu.

"Pampu haiko," alisema. "Iko majani tu na ng'ombe."

Ancilla aliketi chini. Alijilaumu kwa sauti, akalilaumu na duka, kisha akainuka kwa sababu nusu saa ilikuwa imefika. Kuanzia siku hiyo maji yalitoka ng'ambo ya vilima viwili, dumu moja kwa kutwa, la kupikia, la kunywa na la nyumba.

Wiki iliyofuata wale wanaume wawili walikuja. Walibisha hodi, wakapewa kigoda, wakaomba kuiona picha. Mmoja aliweka kidole gumba mlangoni mwa ile nyumba ya plaiwudi, akakibonyeza, akakitazama.

"Bado mbichi," alimwambia mwenzake, naye akaandika.

"Munataka nini kwangu?" Ancilla aliuliza.

"Hakuna kitu, mama. Hatuna haraka. Mwezi wa sita jua iko kali." Akajifuta kidole kwenye karatasi yake, wakashukuru kwa kigoda, wakaenda zao.

Alama ya kidole ilibaki mlangoni. Mlango wenyewe, ule wa mbao, ulikuwa na shimo la kuingia ngumi. Ancilla akachanganya nyekundu na njano na nyeusi kidogo, akaliziba pale kwenye picha, taratibu, kwa ile brashi nyembamba.

Madeleine aligawa maji yaliyosalia, vikombe viwili. Chake alikinywa amesimama.

"Kunywa, dada," alisema. "Tangu asubui haujagusa kitu."

Midomo ya Ancilla ilikuwa imepasuka. Alikishika kikombe, akakitazama. Kisha akafungua kifuniko cha chupa ya kupulizia, akamimina humo maji yote, bila kupoteza tone.